Tulipoomba Kufungwa

Mwaka aliofariki dada yangu Connie, Wahunzi wa Port Corliss, timu yetu ya besiboli, waliuza karibu kila mchezaji aliyejua kushika gongo. Waliwauza mmoja mmoja kuanzia Januari, na ilipofika Aprili mwenye timu akatokea kwenye televisheni, ametulia kama daktari, akatuomba subira. Timu inajengwa upya, alisema. Itauma miaka miwili mitatu, kisha tutaona matunda.

Shemeji yangu Gus Pavlik, mume wa Connie, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Anasema kweli," akasema, akazima televisheni.

Nilishangaa. Gus alifanya kazi miaka thelathini kwenye tanuru la chuma, na katika miaka yote hiyo nilimwona akilia mara mbili tu. Mara moja ilikuwa kwa ajili ya besiboli.

Tulikuwa na viti vinne mstari wa mbele kabisa, pale wavu wa kuzuia mipira unapoishia na kubaki uzio mfupi unaofika kiunoni. Gus, Connie, mimi, na Marvin Teague, kinyozi wa mtaa wetu. Connie alipoondoka, Gus aliendelea kulipia kiti chake na kukiwekea koti lake. Hakuna aliyemuuliza.

Siku hizo timu iliyomaliza mkiani kabisa ndiyo iliyochagua kwanza miongoni mwa vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka ule kila mtu alijua kijana mwenyewe ni nani: Trey Haskell, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Oklahoma. Walisema mpira wake wapigaji hawauoni, wanausikia tu ukipita.

Mwezi Juni tulikuwa kinyozini kwa Teague, Gus ameinamisha shingo chini ya mashine.

"Tufungwe tu," akasema.

Teague akazima mashine. "Rudia, kaka, nisikie vizuri. Nisije nikakukata sikio bure."

"Nimesema tufungwe. Zote. Tukimaliza wa pili kutoka mwisho tunapata nini? Makapi. Tukiwa mkia kabisa tunampata Haskell. Mchumia juani hulia kivulini."

"Hapo nani anachuma? Mnachoma shamba, halafu mnasema mnapalilia."

"We Teague umezoea nusunusu. Miaka kumi na tano timu ya nusunusu. Umefaidi nini?"

"Nimefaidi kuona watu wazima wakijaribu. Na wale vijana uwanjani je? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mfundishe kufungwa, atafuzu na cheti utampa wewe."

Waliokuwa wakisubiri zamu yao wakacheka. Mzee mmoja akasema Teague amesema kweli, mwingine akasema Teague ananyoa vizuri lakini hesabu hajui. Ndivyo ilivyokuwa mji mzima kiangazi kile. Makanisani, kwenye foleni ya benki, kila mahali watu waligawanyika mafungu mawili, na mwanzoni ilikuwa ni mzaha tu.

"Lakini shem," nikamwambia Gus, "wachezaji wenyewe hawawezi kukubali kufungwa. Ni riziki yao. Mtu kama Urdaneta utamwambia nini?"

"Urdaneta ndiye tatizo," akajibu. Alilisema polepole, kama mtu anayeonyesha jino bovu.

Nestor Urdaneta alikuwa mdakaji wetu, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji, mtu wa Maracaibo, miaka thelathini na sita, magoti yamechoka kwa kuchuchumaa. Hakuuzwa kwa sababu hapakuwa na aliyemtaka. Yeye hakujua kucheza nusu. Aliwatuliza warushaji watoto, akawanyoosha, akapiga mipira wakati hakuna mwingine aliyeweza, na kila wiki tulipokaribia kuzama vizuri, Urdaneta alitushindia mechi moja.

Mwezi Julai nilianza kusikia makofi ya ajabu. Kijana wetu mmoja alidondosha mpira rahisi ambao hata mimi ningeudaka, na nyuma yetu watu wakashangilia. Walikuwa wachache, wakicheka. Wiki iliyofuata walikuwa sehemu nzima ya jukwaa, na hawakuwa wakicheka tena. Wakaanza kuimba "Fungwa, fungwa," taratibu, bila hasira, kama watu wanaombembeleza mtoto alale. Yule kijana aliyedondosha mpira alitazama juu mara moja tu. Mwezi ule alidondosha mingine minne, na Septemba hakuwepo.

"Umeona?" Teague aliniambia. "Nilisema atafuzu."

Gus hakuwa akiimba. Alikaa ameweka mikono magotini, akimtazama Urdaneta. Wengine walifuata mpira, yeye alimfuata mtu. Alijua goti gani linamuuma siku gani. Alijua anapolala vibaya. "Leo anachechemea," aliniambia siku moja tunakula soseji, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu mazishi. Nikashindwa kumaliza soseji yangu.

Nilimkumbuka wakati wa dawa za Connie, alivyokuwa amemshikia beseni akimwambia, "Itauma kwanza, mpenzi, kisha utapona." Aliamini kila neno. Connie aliumwa vizuri sana, bila kulalamika, na hakupona. Nadhani Gus alihitaji kuona maumivu ya mtu yakilipa, mahali popote. Hayo nayasema sasa. Wakati ule niliogopa tu, wala sikujua naogopa nini.

Mwishoni mwa Agosti, Urdaneta alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja tukashinda mechi ambayo tulikuwa tumeipoteza. Uwanja ukasimama. Kisha ukamzomea. Sijawahi kusikia kitu kama kile, watu elfu kumi na mbili wakimzomea mtu wao kwa kuwashindia. Aliyazunguka yale mabesi manne, vituo vya mpigaji, ameinamisha kichwa. Alipomaliza mzunguko hakuingia kwenye kibanda cha wachezaji. Alikuja mpaka kwenye uzio wetu, akasimama mbele ya Gus.

"Mzee," akasema, "kila siku unanitazama. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Basi nini?"

"Unashinda sana," Gus akamwambia.

Urdaneta akasubiri aone kama ni utani. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ningemweleza. Nilikuwa na la kusema, lakini nikainamia mkoba wangu nikajifanya natafuta miwani. Hilo ni langu, na sijalisahau.

Siku ya mwisho ya msimu ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, upepo wa baridi ukitoka ziwani. Sisi na timu moja ya jangwani kule magharibi tulikuwa tumefungwa mechi mia na tano kila mmoja. Wao walikuwa ugenini, walianza mapema, na kabla hatujafika katikati ya mechi ubao ukaonyesha wameshinda. Hesabu ikawa nyepesi hata kwa mtoto. Tukifungwa, mkia ni wetu na Haskell ni wetu. Tukishinda tungelingana, na wao wangechagua kwanza, maana mwaka uliopita walikuwa wabovu kutuzidi.

Uwanja ulijaa kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Teague alivaa kofia ya Wahunzi, ile ya zamani. "Mimi nashangilia ushindi," akasema. "Anayetaka kunipiga aje, niko hapa."

"Hakuna wa kukupiga," Gus akamjibu kwa upole. "Kaa, kaka. Ule karanga."

Zamu ya tisa, ya mwisho, ilipoanza tulikuwa tunaongoza pointi tatu kwa mbili. Punde wageni wakawa wametolewa wachezaji wawili, mmoja amesimama kwenye besi ya pili. Akitolewa wa tatu, mechi imekwisha. "Fungwa, fungwa" ilikuwa imejaa uwanja mzima, na mrushaji wetu, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali. Urdaneta alimwendea, akamshika bega, akamwambia neno. Kijana akatikisa kichwa kukubali, akarusha.

Mpigaji akaugusa mpira kwa chini. Ukapaa juu, wima, ukapotea kwenye mwanga, kisha ukaanza kurudi upande wetu.

Urdaneta akatupa kofia yake ya chuma akaja mbio. Akiudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa na tumeshinda. Mpira ulikuwa unaangukia upande wetu wa uzio, karibu hatua moja ndani. Sheria inasema mpira ukishavuka uzio ni wa wote. Mtazamaji ana haki nao kama mchezaji. Kwa hiyo watu wakasimama, mikono juu. Gus naye akasimama. Urdaneta akajitupa juu ya uzio, mkono wa glavu umenyooka.

Nilikuwa kushoto kwa Gus, nusu hatua. Mpira ulikuwa kulia kwake. Mkono wake haukwenda kulia. Ulikwenda chini, ukaushika ule mkono wa Urdaneta kwenye kifundo, na kuuvuta ndani na chini, kwa nguvu ya mtu aliyeinua vyuma miaka thelathini.

Bega lilitoa sauti. Watu wa mistari ya juu wanasema hawakusikia kitu. Sisi tuliisikia.

Mpira ulidundia kwenye kiti cha Connie ukaviringika miguuni pa Teague, ambaye hakuuokota.

Mwamuzi alisema ulikuwa upande wa watazamaji, hakuna kosa. Walimtoa Urdaneta kwa machela, uso umegeuka kama majivu, na hakutazama jukwaani. Wakaleta mdakaji wa akiba. Mpira uliofuata ulipigwa ukavuka ukuta wa mbali, pointi mbili, na zamu yetu ya mwisho ikapita kimya kimya. Tulifungwa nne kwa tatu. Nilivyosikia shangwe zile nilidhani jukwaa linaanguka.

Watu walikuja kumpa Gus mkono. Walifikiri alikuwa anagombea mpira, wakaona ni bahati ya Mungu. Mmoja alimvisha skafu. Mwingine alimbusu kwenye paji la uso. Gus alicheka nao, lakini mkono wake wa kulia aliuficha mfukoni, hakumpa mtu.

Teague alituacha bila kuaga. Nilimfuata Gus mpaka kwenye maegesho.

"Nilikuwa nautaka mpira, shem," akaniambia kabla sijamuuliza.

"Mpira ulikuwa kulia."

"Mambo yalikwenda haraka."

"Gus. Nilikuwa pale."

Akafungua mlango wa gari, akakaa, akashika usukani. "Itamuuma kidogo," akasema. "Alikuwa anamaliza tu. Unajua alikuwa anamaliza." Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, "Nikupeleke nyumbani?"

Nilipanda basi.

Bega la Urdaneta lilipasuliwa mara mbili, na hakucheza tena. Niliandika barua kwa ofisi ya timu nikaeleza nilichokiona, nikataja mkono na upande. Walinijibu kwa heshima kwamba picha hazionyeshi hivyo na suala limefungwa. Nilimwandikia Urdaneta mwenyewe, ukurasa mmoja, nikamwomba radhi kwa siku ile ya mkoba. Hakujibu, na sikumtarajia. Teague alirudisha tiketi yake. Mimi pia.

Ningependa kusema yale yote yalikuwa bure. Hayakuwa bure. Haskell alichaguliwa Juni iliyofuata, akafika kwetu baada ya miaka miwili, na alikuwa vile vile walivyosema. Mwaka wa nne Wahunzi walishinda taji, mara ya kwanza tangu utoto wangu. Mji ulilia barabarani. Watu wazima walibeba majivu ya baba zao marehemu uwanjani. Waliosema tufungwe walikumbushana kwamba walisema. Teague alinyoa watu siku hiyo bila kuzungumza.

Gus alinipigia kutoka uwanjani. Kelele zilikuwa nyingi, ilibidi apaze sauti.

"Unasikia, shem? Unasikia?"

"Nasikia."

"Connie angefurahi."

 Kelele zikapungua nyuma yake, kisha sauti yake ikarudi karibu kabisa, imetulia, sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho.

"Yule mdakaji wetu mpya lakini," akasema. "Umemwona anavyokimbia? Ameanza kuzeeka. Huyu naye atatuchelewesha."

Nikamwambia nina kitu jikoni kinaungua, nikakata simu. Kisha nikampigia Teague, ambaye alikuwa bado hajalala, nikamwambia maneno yale yale kama nilivyoyasikia.  Akaniuliza kama Gus bado anakaa mstari wa mbele.

"Bado," nikamwambia. "Viti vile vile, vyote vinne. Vyetu viwili alivinunua yeye."