Mwinuko wa Asilimia Kumi na Nne

Mashine ya mazoezi ililetwa na mtu wa mizigo siku ya Jumatano, na mume wangu, aliyetengeneza baiskeli za watu kwa miaka thelathini na saba, aliizunguka mara tatu kabla ya kuigusa. Ilitoka kwa binti yetu. Yuko ng'ambo mwaka wa nne sasa, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na alikuwa amesikia kwamba tangu baba yake afunge karakana hana kazi ila kuzozana na redio.

"Baiskeli isiyokwenda popote," mume wangu akasema. "Mtoto ananikejeli huyu."

Lakini aliifunga. Gurudumu la nyuma la baiskeli yake likakaa juu ya rola ya chuma yenye breki ya sumaku ndani. Nikamwekea tableti yangu ya shuleni mbele yake, na Jumapili saa kumi alasiri binti yetu, naye akiwa juu ya mashine yake kule ng'ambo, akatokea kwenye skrini, kikatuni chenye kofia nyekundu. Baba naye alikuwa kikatuni, tena chembamba kuliko alivyo. Wakaendesha pamoja kando ya ziwa lisilokuwepo, wakiongea kwa simu, nami mezani nasahihisha madaftari huku nimetega sikio.

Niseme ukweli, Jumapili zile zilitufaa. Kabla ya hapo binti alikuwa akipiga simu mara moja kwa wiki mbili, maneno matatu, kisha "nimechoka, mama, tutaongea." Baba yake alikuwa ameliweka moyoni. Hakulitamka, ila simu ikikatika alikuwa hali vizuri siku hiyo.

Wiki ya tano binti akasema, "Baba, leo nakupitisha njia yangu ya kazini. Nimeirekodi kwa simu, mashine itaifuata."

Mume wangu akaenda kubadili shati.

"Kwani unakwenda kuposa?" nikamtania.

"Nakwenda kuona anakopita mwanangu."

Mwanzoni njia ilikuwa tambarare. Kisha ikainuka, na skrini ikaandika: mwinuko, asilimia kumi na nne. Mume wangu akaendelea kukanyaga kama anayesaga hewa. Gurudumu lilivuma, lakini skrini ilisema anakwenda kilomita tatu kwa saa, na kofia nyekundu ikazidi kuwa ndogo kule mbele.

"Imeharibika! Gurudumu linakimbia, mimi nakwenda kama konokono."

"Haijaharibika, Baba. Skrini haiangalii gurudumu. Inapima nguvu unayotia, inachukua uzito wako na ukali wa mlima, halafu inapiga hesabu ungekwenda kasi gani."

"Sasa mbona mlima wenyewe siuhisi? Miguu yangu bado iko tambarare."

Nikachukua kitabu cha maelekezo, nikamsomea. Breki ya mashine ile ilikuwa na mwisho wake: asilimia sita. Mlima ukizidi hapo, skrini inaendelea kuhesabu, lakini pedali haziongezi uzito.

"Zenye nguvu zaidi zilinishinda bei," binti akasema taratibu.

"Sikulaumu, mama. Nataka tu kujua unapanda nini."

"Kamlima tu, Baba. Si kitu."

Binti alimsubiri juu karibu robo saa. Usiku ule, badala ya redio, nilisikia sanduku la spana likifunguliwa. Asubuhi mume wangu akanieleza, mikono imejaa grisi. Breki ile ikifika mwisho haiongezeki tena, lakini akifunga gia nzito, kila mkanyago utazungusha gurudumu mara nyingi zaidi, na uzito wote utarudi kwenye magoti yake. Alikuwa amemwandikia binti ahesabu meno ya gia yake ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote, apate kuulinganisha uzito na wake. Jibu lilikuwa ishirini na tano. Akaguna: meno machache, mlima mzito.

"Maisha yangu yote nimewafungia watu gia za kuukimbia mlima," akasema. "Leo nafunga ya kuuita."

Jumapili iliyofuata walianza pamoja. Mwinuko ulipofika kumi na nne, mume wangu alinyanyuka kwenye kiti. Mnyororo ukalia. Mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti za pumzi zake zikajaa chumba kizima. Nikaweka kalamu nyekundu chini.

"Wewe mwanamume, utakufa kwa mlima wa kwenye kioo!"

"Baba, punguza," binti akasema kwenye simu.

Mume wangu akazidi kukanyaga. Akasukuma mkanyago mmoja, akasukuma wa pili, wa tatu ukakataa. Baiskeli ikasimama. Akashusha mguu sakafuni, akaitazama picha ya barabara ile, ukuta mrefu na geti la kijani.

"Hapa," akasema akihema. "Na meno ishirini na tano, hapa ndipo unaposhuka."



"Ndiyo," binti akasema. "Penye geti. Nasukuma mpaka juu."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba. Halafu nawainua wazee mpaka jioni. Nikirudi sina hata pumzi ya kuongea. Sikutaka mjue."

Mume wangu akainamia usukani. "Nisamehe, mama. Nilidhani umezoea kuishi bila sisi."

Jumatatu alizunguka mji mzima akitafuta gia ya nyuma yenye meno thelathini na nne. Akaipata, akaisafisha kama chombo cha hospitali, tukaituma. Ilipofika, binti aliifunga mwenyewe, baba yake akimwelekeza kwa simu: legeza hapo, ongeza pingili mbili za mnyororo, kaza, usikaze kwa hasira.

Siku mbili baadaye, tukinywa chai kabla sijaenda shule, simu ikalia. Hatukusikia neno, pumzi tu na upepo. Kisha sauti yake ikasema, "Nimepita geti. Sijashuka."

"Usiongee," baba yake akamwambia. "Panda. Sisi tupo."

Akaiweka simu katikati ya meza. Tukasikiliza pumzi za mtoto wetu, nzito na za kufuatana, mpaka aliposema amefika, anaingia kazini.

"Hakusema anakuja nyumbani lini," nikasema.

"Nami sikuuliza."

Nikaitazama simu. Iliandika dakika kumi na moja. Nikatamani mlima ule ungekuwa mrefu zaidi, kisha nikajionea haya kwa kumtakia mwanangu hivyo.