Mdomo Uliokufa Ganzi

Kwetu kisiwani Kodiak, chaza wa majira ya kuchipua hawaliwi kabla dada yangu Anesia hajapaka maji yao mdomoni. Mdomo ukimwasha, wana sumu, na ndoo inarudi baharini. Mama yetu alifanya hivyo, na bibi yetu pia.

Siku ile daktari wa meno alikuja kwa ndege asubuhi, akamng'oa Anesia jino. Mchana mumewe, Nestor, akaingia na ndoo imejaa.

"Onja upesi, mama, njaa inaniua."

Anesia akapaka, akangoja. "Hawawashi. Kula."

Yeye mwenyewe hakula, fizi zilikuwa bado mbichi. Mimi nilikuwa nimeshiba samaki.

"Shemeji, utapasuka!" nikamtania.

"Nikipasuka mnizike na siagi," akajibu, mashavu yamemjaa.

Chai haijapoa, akasema ulimi unamchoma. Mara vidole. Mara kikombe kikamponyoka. Pelagia, mhudumu wetu wa afya, akaja mbio.

"Amekula nini?"

"Labda kachoka tu," Anesia akasema, macho chini.

"Chaza," nikasema mimi.

Pelagia akamlaza sakafuni, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa yenye mfuko wa hewa, akaanza kuminya. Nestor alikuwa hapumui tena mwenyewe.

"Dawa ya sumu hii hakuna. Tumpumulie mpaka imtoke kwa mkojo. Na kwa ukungu huu, ndege haitui."

Tukapokezana. Ilipofika zamu ya Anesia, nikauliza sumu imemfanya nini mtu mzima vile.

"Mishipa ya fahamu ina vijilango vidogo mno, shangazi. Chumvi ikipita humo ndipo unahisi, ndipo kifua kinapanda. Sumu imeviziba."

"Hicho kitendawili," nikasema. "Nyumba imefungwa milango yote, taa inawaka ndani, mwenyewe hawezi kuita."

"Jibu ni huyu hapa. Anasikia kila neno."

Anesia akauliza polepole, "Na sindano ya ganzi ya jino?"

"Inaziba vijilango vilevile. Kwani vipi?"

Mkono wa Anesia ukasimama juu ya mfuko.

"Minya, we mama!" Pelagia akafoka.

Akaminya, akamwinamia sikioni. "Nestor, mdomo wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nilijua. Niliona aibu kusema siwezi kuonja, wasije wakampa mwingine kazi ya mama. Nikakwambia kula."

Nestor hakupepesa hata ukope. Nikamfuta dada yangu jasho.

Ukungu ulipoanza kuinuka, kifua kikapanda chenyewe. Pelagia akapiga kelele za furaha. Anesia aliendelea kuminya, ikabidi tumbandue vidole.

Baadaye Nestor akafumbua macho.

"Ulinisikia?" Anesia akamwuliza.

"Nilisikia," akasema, sauti ya kukwaruza. Kisha, kwa nguvu zake mwenyewe, akageuza uso ukutani.