Gia ya Tatu Haiingii

Saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, fundi wa viti alipiga magoti kwenye mlango wa gari jekundu la milango miwili, akapima chuma cha gia kwa utepe wake wa kushonea. Sentimita kumi na tisa kutoka sakafuni. Akapima tena, si kwa sababu hakuamini, ila kupima kulikuwa afadhali kuliko kuutazama usukani. Halafu akainuka, akajifuta magoti, akaandika namba ile ukutani kwa chaki, chini ya namba nyingine za wiki: sofa ya daktari wa meno, viti viwili vya teksi, godoro la mtoto.

Mwenye kazi alikuwa kivulini, akichezea funguo. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe marehemu. Fundi alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, kwa adabu zote, maana ugomvi wao haukuwahi kupata sauti. Wiki ya tatu baada ya mazishi, Shemeji alikuja na kadi ya gari, akaonyesha jina lake lilipoandikwa, akawasha gari akaondoka nalo. Wakati anatoka chumbani alipofuata funguo, alibeba pia koti la ngozi la marehemu lililotundikwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyemwambia achukue koti. Lilikuwa njiani tu.

Kwenye kadi jina lilikuwa lake kweli, na sababu yake ilikuwa ndogo mno. Siku bodi lile la gari lilipopatikana, halina injini, kuku wawili wametaga ndani, marehemu alikuwa amepoteza kitambulisho. Naye hakuwa mtu wa kusubiri. Hata chai alikunywa amesimama. Akamwomba kaka yake aandikishe kwa jina lake, watabadilisha wiki ijayo. Ikapita miaka saba. Katika miaka hiyo marehemu aliunda injini kipande kwa kipande, mkewe akashona viti, dari na milango, na kila walipokumbuka kadi walikuwa na mafuta mikononi. Wiki ijayo haikufika.

Sasa Shemeji alitaka gia ipendeze. Kirungu kile cha plastiki juu ya gia, alisema, kinamwaibisha mbele za watu. Alitaka kirungu cha mti kilichokerezwa, kitoshee kiganja, na chini yake ngozi mpya yenye mshono mwekundu. Alikuja kwa fundi huyu kwa kuwa mjini hapakuwa na mkono uliomzidi kwa ngozi, na kwa kuwa, tuseme ukweli, alikuwa na uso mkavu.

"Ngozi nimekuja nayo," alisema, akalitoa koti kwenye mfuko wa plastiki. "Linanibana mabegani. Kata hili."

Fundi alilipokea. Kolani bado lilinukia grisi na sabuni ya kunyolea. Akasema ngozi ni nzuri, itafaa, aje Jumatano.

Fundi yeyote atakwambia kwamba ngozi ya gia hukatwa vipande vinne, vikaunganishwa kwa mishono minne, pana chini, nyembamba juu. Yeye mwenyewe alishakata mamia. Lakini siku ile kila aliposhika mkasi, aliuweka chini. Alizunguka meza, akapanga nyuzi zilizokwisha kupangwa, akaenda mlangoni, akarudi. Kifua cha koti hakikukatika. Mwisho akaona kwamba mkono wa koti tayari ni mviringo, mpana kwenye kiwiko, mwembamba kwenye kishikizo, na kwamba kuupasua ili kuushona upya ungekuwa upuuzi. Akaukata chini ya kiwiko. Akaufunga sakafuni mwa gari kwa upande mpana, akapitisha chuma cha gia ndani, akafunga kishikizo kilekile cha shaba chini ya kirungu kilichotoka kwa seremala, akazungushia uzi mwekundu. Ilikaa vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, na hilo lilimuudhi siku nzima.

Jumatano Shemeji alichukua gari lake. Alhamisi akalirudisha, akisema kirungu kina joto. Fundi akakigusa, akakuta kweli kina joto, nyuzi thelathini na saba hivi, akamwambia asiegeshe juani. Ijumaa kilikuwa na mabonde manne ya vidole. Fundi akasema mti haukukauka, akapiga msasa, akapaka vanishi. Jumamosi asubuhi vanishi ilikuwa imekauka juu ya mkono kamili wa mwanaume, wenye vifundo, mishipa, na kovu la kuungua na bomba la moshi. Kidole cha shahada kilikosa ncha. Ncha hiyo iliondoka na mkanda wa feni katika mwaka wa pili wa kuunda gari.

Vidole vilikuwa vinapigapiga hewani, kimoja baada ya kingine, kuanzia cha mwisho, jinsi marehemu alivyopigapiga popote alipocheleweshwa: kwenye taa za barabarani, kwa daktari, kwenye harusi yake mwenyewe.

Mpiga rangi wa jirani aliingia kuazima mkasi. Akachungulia ndani ya gari.

"Huyu si bwana wako?" akasema. Akaushika mkono, wakasalimiana, akauliza kama mkasi una kazi.

Shemeji naye hakuwa na neno na mkono. Alikuwa ameomba kirungu kinachotoshea kiganja, na hicho kilitoshea. Malalamiko yake yalikuwa mengine. Gia ya kwanza inaingia, alieleza, ya pili inaingia, lakini akitaka ya tatu, mkono unakunja ngumi na kukaa hapohapo.

"Kazi yako nzuri, shemeji, sikatai," alisema. "Lakini gia ya tatu haiingii. Mimi na gari la mbio nimepitwa na muuza maziwa wa baiskeli, na akanipungia."

Fundi akasema twende nisikilize. Akaketi kiti cha abiria, kiti alichokishona mwenyewe, na ambacho hakuwa amekikalia tangu msiba. Walipofika barabara kubwa, Shemeji alikanyaga klachi, na mkono ukaingiza ya tatu wenyewe, laini kabisa, hata injini haikuguna. Halafu ukaachia, ukalala juu ya goti la fundi, kama ulivyokuwa ukifanya miaka yote kati ya gia ya tatu na ya nne. Fundi alilia, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mno. Shemeji akasema kumbe imeingia.

Usiku ule haukuwa na usingizi, na kesho yake asubuhi fundi alikuwa na mpango. Mkono ule ulijua kushika spana; basi hata kalamu ungeshika. Marehemu angeweza sasa kusema alichokuwa hakupata nafasi ya kusema, kwamba gari lilikuwa lao wawili, na gari lingerudi nyumbani. Alitaka hilo tu. Hakutaka Shemeji aombe radhi wala atahayari. Akaomba kikao cha ukoo.

Kikao kilikaa Jumapili saa kumi, uani kwa mama mkwe, milango ya gari ikiwa wazi ili marehemu ashiriki. Wajomba na baba wakubwa walipita mmoja mmoja wakamshika mkono, wakamuuliza hali. Mama mkwe aliagiza wembe, akaketi kwenye kiti cha dereva, akamkata mwanawe kucha, maana zilikuwa zimerefuka, akamwambia amekonda. Ndipo baba mkubwa akauliza gari ni la nani. Mkono ukageuka polepole, ngozi ikajisokota kwenye mshono, kidole kisicho na ncha kikamwelekea fundi wa viti na kubaki hapo.

Hakuna aliyebisha. Shemeji mwenyewe alisema ndiyo, anaonyesha vile. Baba mkubwa alikohoa, akasema wamemwona na wamemsikia, marehemu hakuwahi kuwa mwongo, ila mambo ya kadi ni mambo ya ofisi na ukoo hauwezi kuingilia ofisi. Kisha wakanywa chai. Fundi alikunywa yake amesimama.

Jumatatu wakaenda ofisini, Shemeji akiendesha. Alikubali bila kusukumwa, kwa sababu alikuwa na safari ya upande uleule na alihitaji gia ya tatu. Karani wa magari alishuka ngazi na fomu, wino na mhuri, kwa kuwa mteja asingeweza kupanda. Akaingiza kalamu kati ya vidole. Mkono uliandika jina zima la marehemu, ukapiga sahihi yenye ule mkia mrefu uliokuwa ukitoka nje ya mstari kila mara. Karani akalinganisha na nakala ya kitambulisho, ile ya zamani, akatazama kwa miwani na bila miwani.

"Sahihi ni yake, hilo sina ubishi," alisema. "Lakini marehemu hawezi kuhamisha gari ambalo halikuwahi kuwa lake. Anayehamisha ni huyu hapa kwenye kadi. Akitia sahihi yeye, mama, ni dakika mbili."

Akaielekeza fomu kwa Shemeji. Vidole vilianza kupigapiga kwenye ukingo wa kiti. Fundi alimtazama Shemeji usoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Shemeji akatazama saa yake.

"Tutaliangalia," alisema. "Wiki ijayo."

Karani akaikunja fomu. Kwa kuwa alishashuka ngazi zote zile na hakutaka kupanda bure, aliomba kadi, akatafuta mstari wa marekebisho ya gari, akaandika: kirungu cha gia kimebadilishwa, pamoja na ngozi yake. Akagonga mhuri. Akashauri mkono usitolewe nje ya dirisha gari likiwa mwendoni.

Tangu hapo imekuwa kila Jumamosi saa nne. Honi inalia mara mbili, fundi anaweka sindano chini, anafunga duka. Mpiga rangi aliwahi kumuuliza kwa nini asikatae, akae zake, gari libaki na gia mbili mpaka mwenyewe achoke. Fundi alijibu kwamba alishajaribu. Wiki mbili hakutoka honi ilipolia. Shemeji akalifunika gari turubai, akaliacha nyuma ya nyumba, na mama mkwe, aliyekaa chumba cha nyuma, alisema vidole vilipigapiga mchana kutwa chini ya turubai, havikupumzika hata kidogo. Wiki ya tatu fundi alitoka kabla ya honi.

Basi huenda. Shemeji hutoa kiwiko dirishani na kusalimia watu, na watu husifu gari, hasa gia. Hakuna anayeuliza mkono ni wa nani, kwa kuwa wote wanamjua. Wakipita duka la spea mkono humpungia mwenye duka. Wakikwama kwenye foleni vidole hupiga, fundi huvifunika kwa kiganja chake, navyo hupiga chini ya kiganja.

"Shemeji, mwambie aweke ya nne," Shemeji husema barabara ikifunguka.

Fundi humwambia. Mkono huinuka gotini, huweka ya nne, hurudi. Akiwa na haraka Shemeji huomba na ya tano, nayo huingia. Kisha humshusha fundi kwenye kona, si mlangoni, kwa sababu kugeuza gari kule ndani ya uchochoro kunaharibu rangi.

Juzi aliuliza ngozi iliyobaki. Alikuwa amefikiria breki ya mkono nayo ivalishwe, na koti, alikumbusha kwa upole, lilikuwa lake. Fundi alisema iliisha, panya walitoboa kifua na mkono wa pili akautupa. Hakuzoea kusema uongo, lakini huu ulimtoka vizuri kabisa. Shemeji akasema pole.

Mkono wa pili wa koti umo ndani ya mto wa kigoda chake cha kushonea, chini ya sponji. Kila Jumamosi akirudi, huufungua mto, huutoa, huunyoosha juu ya meza, hufunga kishikizo, halafu hukifungua na kuingiza mkono wake mpaka kiwiko. Hungoja. Kuna baridi mle, na vidole anavyovikuta mwisho ni vyake mwenyewe, vimetokeza upande wa pili, vinapigapiga. Huurudisha mahali pake, hukaa juu yake, na kuendelea na viti vya watu.