Vidonge Vinavyokula Vitendawili

Nilimwambia daktari kinagaubaga: vidonge vyake vya kushusha mafuta ya damu vinakula vitendawili vyangu. Juzi mjukuu alishindwa kutegua, akanipa mji, nami jibu likanitoka kichwani! Afadhali niviache.

"Wapo wachache wanaosema wanasahau, bibi, lakini usiache kabla hatujapima. Hebu nitegee kipya."

Nikafikiri kidogo. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina wageni saba, kila mmoja na chumba chake. Kila jioni mmoja anatokomea gizani."

Daktari akakuna kidevu weee, mwisho akanipa mji.

"Si vidonge vyako hivyo, mwanangu, kwenye kisanduku cha wiki!"

Alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Kwa leo sioni kilicholiwa, bibi. Ila tutapima."

Jioni nikammeza mgeni wa Alhamisi.