Washenga wa Zamu ya Jumanne

Longinus alikuwa na miaka ishirini na sita, na kati ya hiyo, kumi na mmoja alikuwa ameimaliza akipimiwa maji kama mche wa kahawa kitaluni. Lita moja kwa siku, na ndani ya hiyo lita wanahesabu chai, mchuzi, uji, hata tikiti. Figo zilimgomea akiwa kidato cha pili, huko kwao Kibondo. Uso ulipoanza kuvimba, majirani walimpongeza mama yake kwamba mtoto ananawiri, anaonekana anashiba. Mpaka ikajulikana kuwa huko si kunawiri, mama alikuwa keshampeleka kwa waganga watatu, na wa nne ndiye aliyekuwa daktari.

Ukafuata ujana ambao simtakii mtu. Wenzake walipokuwa wakibalehe na kuandika barua za mapenzi zenye makosa, yeye alikuwa amelazwa Mwanza, anakariri majina ya dawa. Mashine za kusafisha damu zilipofika Kasulu, alihamia hapo mjini, akapanga chumba, akafungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Alikuwa fundi wa kuaminika. Lakini mteja akija kuchukua simu, kabla hajauliza kama kioo kimewekwa, atauliza kwanza, "Na wewe unaendeleaje?" kwa ile sauti ya msibani. Longinus aliichukia sauti hiyo kuliko sindano.

Duniani palikuwa na watu watatu tu wasiomsemesha hivyo, na wote alikutana nao kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kila mmoja kitandani pake na mashine yake. Wa kwanza ni Bi Faudhia, muuza vitenge mwenye asili ya Pangani, ambaye ulimi wake ungeweza kumenya muhogo. Wa pili ni Bazilio, mwalimu mkuu mstaafu, asiyejua kuomba hata blanketi bila utangulizi. Wa tatu ni Godson, afisa kilimo kutoka Rombo, mnene na mwenye huruma, ambaye kila Jumanne alipanda mzani wa muuguzi wao, Sista Herieth, akiwa na kilo nne za maji aliyokunywa tangu Ijumaa, kisha akaapa kwamba mzani ni mbovu.

Wiki tatu za kwanza Longinus aliukabili ukuta, hataki kusema na mtu. Bi Faudhia hakujali, akawa anazungumza na mgongo wake. Aliusimulia mgongo ule habari za wateja wanaopapasa vitenge asubuhi hadi jioni na kuondoka wakisema watarudi, habari za mawifi zake, habari za jogoo wa jirani asiyejua saa. Wiki ya nne mgongo ukacheka. Tangu siku hiyo Longinus akawa na watu.

Mwaka huu akatokea Josepha, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nyakitonto, ameleta simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Siku ya pili tu Longinus alimweleza ugonjwa wake wote, maana yeye hakutaka kumficha. Josepha alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: je, Jumamosi ana nafasi?

Mapenzi hayakuwa taabu, taabu ilikuwa mshenga. Baba yake Longinus alikwisha kufariki, na baba mdogo, ambaye ndiye angesimama, alisema kwenye simu kwamba hawezi kwenda kuomba mtoto wa watu aje kuwa mjane. Longinus aliwasimulia wenzake maneno hayo huku akijilazimisha kucheka, lakini presha ilimpanda na mashine yake ikaanza kupiga kelele, ikamuumbua mbele ya watu.

"Kwani sisi tumekufa?" Bi Faudhia akauliza.

Ndivyo walivyopatikana washenga. Mwalimu Bazilio akawa msemaji, Bi Faudhia akawa mama, Godson kaka mkubwa. Longinus aliwaomba jambo moja, na aliliomba kwa unyonge kuliko alivyowahi kuomba dawa. Kwa miaka kumi na mmoja kila mtu alikuwa akiuona ugonjwa wake kwanza. Alitaka mzee mmoja, tena huyu wa kumpa mke, amwone mtu kwanza, mgonjwa baadaye. Josepha alikubali kwa sharti kwamba hawatatoka katika nyumba ile kabla baba yake hajaambiwa, na kama Longinus atashindwa, atasema yeye.

Tena Josepha aliwaonya. Baba yake, Mzee Marselino, ni mzee wa kanisa, pombe haiingii kwake, lakini desturi ya babu yake hajaiacha. Washenga wakifika wanawekewa mtungi mmoja wa umutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, wanachomeka mirija na kunywa pamoja. Mtungi huo haurudi jikoni na kitu. Ukibaki, posa nayo imebaki.

Mgonjwa wa figo ana maadui wawili wakubwa, maji na ndizi: maji yanajaa mapafuni, na ndizi ina chumvi ya potasiamu inayoweza kuusimamisha moyo. Mzee Marselino alikuwa amewakamua maadui wote wawili kwenye chombo kimoja. Mwalimu Bazilio akasema kila jambo lina mbinu yake. Waende Jumamosi, siku moja baada ya kusafishwa, wakiwa wakavu. Mtu aweke mrija mdomoni, abonyeze mashavu, apandishe koromeo, kisha ashushe pumzi kama mtu aliyeburudika. Wakafanya mazoezi kwa ndoo tupu. Sista Herieth aliwakuta watu wazima wanne wameizunguka ndoo hiyo wakifyonza hewa, akaelezwa, akawatazama mmoja mmoja. Alisema tu kwamba wao wafanye wanavyojua, Jumanne mzani utamwambia.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Kila mmoja moyoni alijua kwamba mtungi hauwezi kukaa vilevile, lazima upungue kidogo. Na kila mmoja alijiambia kwamba Godson yupo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemtakia mabaya. Walimjua tu, kama unavyomjua mbuzi na shamba la mahindi.

Jumamosi walifika Nyakitonto asubuhi, wamevaa wakavalika. "Mwakeye," wenyeji wakasema, na salamu za Waha zikaanza, makofi yakipigwa, mikono ikishikwa kutoka viganjani hadi viwikoni, hakuna haraka. Mkono wa kushoto wa Longinus ndio wenye mshipa wa kuchomea sindano, haufai kubanwa. Kwa hiyo kila shangazi aliponyoosha mikono, Bi Faudhia alijichomeka katikati na kusalimiwa yeye. Baadhi ya watu walimsalimia mara tatu. Mzee Marselino alimwambia mama yake kwamba watu wa pwani wana upendo kupita kiasi.

Wakakaribishwa sebuleni, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Upande huu wageni wanne, upande ule Mzee Marselino, mama yake mzazi na dada zake wawili, na Josepha kasimama nyuma yao. Katikati ukawekwa mtungi, umejaa hadi shingoni, harufu ya ndizi mbivu ikawapanda puani.

Mwalimu Bazilio alisimama akatoa utangulizi, kisha utangulizi wa utangulizi. Kila alipopumzika, washenga waliinama kwenye mirija, mashavu yakaingia ndani, makoromeo yakapanda na kushuka, pumzi zikashushwa. Ilikuwa kazi safi. Godson peke yake, kwa bidii ya kutovuta hata tone, alikuwa anapuliza, na mtungi ukawa unatoa sauti ya maharage yanayochemka.

Na katika saa hiyo Longinus alipata alichokitaka. Mzee Marselino alimuuliza kuhusu simu, kwa nini betri za siku hizi hazidumu, kama ufundi huo unafundishika, kama anajua kushika jembe. Alimbishia, akamtania kuhusu watu wa Kibondo na maneno yao mengi. Saa nzima hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Longinus alijisikia mrefu. Alikuwa na furaha, na kwa ajili ya furaha hiyo alizidi kuahirisha yale aliyotakiwa kusema.

Mwisho Mzee Marselino aliinuka, akauinamia mtungi, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Niliuleta umefika shingoni," alisema polepole. "Sasa povu limefika mdomoni. Hawa wageni wameniongezea."

Bi Faudhia akamgeukia Godson. Godson alikuwa na macho ya mtoto aliyefaulu mtihani akakuta hakuna anayempongeza. Alinong'ona kwamba leo alijizuia, maisha yake yote hajawahi kujizuia, ila leo, kwa ajili ya Longinus, hakugusa hata tone. Hapo wote watatu wakaelewa, wakaona haya.

Mzee Marselino alikuwa amekwisha kukunja uso. Longinus aliona saa yake moja inayeyuka. Akaushika mrija kwa mikono miwili, akanywa, safari hii kweli. Funda la kwanza, la pili, la tatu. Miaka kumi na mmoja hakuwa ameonja ndizi mbivu, na maji yale yalikuwa matamu, hilo hakulikana hata baadaye. Alitaka kuumaliza mtungi wote na kuitwa mwanamume, liwalo na liwe. Bi Faudhia aliuchomoa mrija mdomoni mwake mbele ya wakwe na kuutupa uani.

"Tumekuja kuposa," alisema. "Hatukuja kuzika."

Basi Longinus akasimama akasema. Alisema figo zake zilikufa akiwa na miaka kumi na mitano, kwamba anaishi kwa mashine siku mbili kila wiki, kwamba kikombe kimoja cha ziada kinaweza kumlaza na mtungi mzima kumuua. Josepha anajua tangu mwanzo. Aliyeomba kuficha ni yeye, na anaomba radhi. Aliulizwa kama atapona. Akajibu kwamba akipata wa kumpa figo huenda, asipopata ataendelea hivihivi, na kwamba watu wamekuwa wakimwambia atakufa tangu kidato cha pili, mpaka amezoea.

Mzee Marselino akamtazama Mwalimu Bazilio. "Na wewe, Mwalimu, mbona hukunywa?"

"Kitanda cha kwanza mlangoni," Mwalimu akasema, kwa mara ya kwanza bila utangulizi.

"Na mama?"

"Cha pili," akajibu Bi Faudhia.

Godson hakungoja kuulizwa, aliinua mkono kama yuko darasani.

Mzee Marselino alikaa chini. Bila ukali, ila kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Kijana, katika ukoo wako wote hukupata hata mtu mmoja mwenye afya wa kukusindikiza?"

"Walikuwepo," Longinus akasema. "Hawakuja. Waliokuja ni hawa."

Yule bibi, mama yake Mzee Marselino, akasonya kwa uchungu. Mzee mwenyewe alisugua magoti yake kwa muda. Kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kumkataa mtu kwa maradhi, maradhi ni ya wote. Ila desturi hakuitunga yeye. Upande wa wageni ndio unaopaswa kuumaliza mtungi, na upande wa wageni umeshindwa. Angefanya nini? Alisema hayo akiangalia pembeni, na Longinus, aliyekuwa na uzoefu wa kukataliwa kwa adabu, alijua hilo ni neno la kuaga. Akaanza kuwashukuru.

Josepha akatoka nyuma ya benchi la baba yake. Akaikata sebule, akaja upande wa wageni, akamsogeza Godson kwa nyonga, akakaa. Akachukua mrija, akanywa.

"Josepha," baba yake akasema. "Wewe ni wa upande huu."

Hakuinua kichwa mpaka alipotaka pumzi. "Baba, niache ninywe. Mtungi ni mkubwa na upande wetu tuko wachache."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Longinus aliangalia mikono yake, maana akimwangalia Josepha ataharibikiwa. Msichana alikunywa mpaka jasho likamtoka puani, akapumzika, akaendelea, na mtungi ulikuwa bado nusu. Ndipo bibi akashika fimbo yake, akajikokota hadi ng'ambo ile, akamwita Josepha mwanangu kwa Kiha, "Sogea, mwana wanje." Hakuwa na meno, lakini kwa mrija hakuna haja ya meno. Shangazi mmoja akatazamana na mwenzake. Wakainuka wote wawili, wakisema wanaenda kumsaidia mama tu, wasije wakaeleweka vibaya.

Wanawake wanne wakanywa. Wageni wanne waliketi katikati yao na midomo mikavu, wakimeza mate. Upande wa pili, kwenye benchi la watu wanne, alibaki Mzee Marselino peke yake. Alivumilia mpaka mirija ilipoanza kukoroma chini ya mtungi. Mama yake akauinua, akaugeuza juu chini, hakuna kilichodondoka.

Mzee Marselino alikohoa.

"Hiyo mashine," alimuuliza Bi Faudhia, "mkwe wangu anakaa nayo saa ngapi?"

"Saa nne, Mzee. Mara mbili kwa wiki."

"Ni nyingi," akasema. "Nitakuja Jumanne nione."

Longinus alisikia neno moja tu katika hayo yote, mkwe, akainamisha uso magotini na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mbele ya wakwe. Bi Faudhia alitaka kumnyamazisha. Godson akamzuia mkono.

"Mwache alie," alisema. "Hayo ni maji yanapungua."