Buibui Aliyetaka Maombolezo

Siku ya tatu msichana Vita alikuwa bado anacheza. Nyayo zilikuwa zimechubuka, na shuka nyeupe waliyomtandikia sakafuni ilijaa madoa ya damu. Mama yake, Donata, alisimama ukutani na rozari mkononi, lakini sala zilimkatikia njiani. Kila akimtazama mwanawe alisahau amefikia wapi.

Walimleta kutoka kwenye mavuno ya ngano akipiga kelele kwamba ameumwa na buibui, yule ambaye sumu yake humchezesha mtu bila kukoma. Donata alimkagua mwili mzima, asione alama yoyote. Mwaka jana msichana mmoja wa jirani alipatwa vivyo hivyo, akacheza siku nne, kisha moyo ukasimama.

Mzee Oronzo, kinyozi, kila Juni, msimu wa buibui, huweka nyembe zake kando na kushika fidla. Kila buibui ana wimbo wake, husema, na ukiupata mgonjwa hupoa. Safari hii alikuwa ameshapiga nyimbo zote.

"Mkono umekufa ganzi," alisema. "Cesaria, wewe bado una nguvu?"

"Mimi nipo," alijibu jirani yao, mpiga tari. "Tatizo lako umezoea kushika pua za watu ukiwanyoa."

Hakuna aliyecheka. Vita alijigonga mlangoni, akazunguka tena. Midomo yake ilikuwa imegeuka buluu.

Oronzo akashusha fidla. "Dada Donata, huyu si buibui wa ngoma. Ni yule mwenye huzuni. Anataka maombolezo."

Donata alielewa. Pale kijijini, yeye ndiye aliyeitwa kuwalilia wafu.

"Nimlilie mwanangu naye anapumua? Nimwitie mauti kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Nani mwingine anazijua hizo nyimbo?"

"Aliye hai akitajwa humo, anakwenda! Wewe mzee, hilo hulijui?"

Vita akaanguka magotini. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.

"Mtakatifu Paulo, mwombezi wa walioumwa, niombee nisamehewe," Donata alinong'ona. Akafungua nywele kama afanyavyo penye jeneza, akaketi kwenye shuka, akaanza. Aliimba juu ya mchumba ambaye Vita hajampata, na mashuka ya harusi yaliyokunjwa sandukuni. Akafika mahali pa kumtaja marehemu. Cesaria akaziba masikio.

Donata akalitaja jina.

Miguu ya Vita ikapunguza mwendo. Akajilaza ubavu, kichwa kikamwangukia mama mapajani, akatulia kabisa.

Donata aliacha kuimba, akakitazama kifua cha binti. Hakuweza kujua kama kinapanda, kwa sababu mapaja yake mwenyewe yalikuwa yanatetemeka.

"Oronzo, anapumua? Niambie!"

Kinyozi akatoa kioo chake mfukoni, akakisogeza puani mwa msichana. Wote watatu wakakiinamia. Kilikuwa kikavu. Kikaendelea kuwa kikavu. Kisha ukungu mdogo ukatanda pembeni.

"Mama," Vita alisema, macho yamefumbwa, "mbona umeacha?"

Donata akaanza upya kutoka mwanzo, maana ubeti pekee uliobaki ulikuwa wa kumshusha kaburini.