Swali la Pili

"Sawasawa," alijibu binti wa miaka mitano, akitazama gilasi mbili fupi zilizojazwa maji kwa kiasi kimoja.

Daktari akachukua moja, akayamimina maji yake yote katika gilasi nyembamba, ndefu. "Na sasa? Ni sawasawa, au kuna penye mengi zaidi?"

Mama Vikombe, aliyesimama pembeni na kitambaa chake, alitazama ukutani. Ndiyo iliyokuwa amri ya chumba kile. Kazi yake ilikuwa kuosha gilasi, kupima maji na kujifanya hayupo, maana mtoto husoma jibu usoni mwa mtu mzima upesi kuliko unavyodhani. Daktari mwenyewe hakuwa wa sindano. Mwaka wa pili sasa alikuwa akitafiti jinsi akili ya mtoto inavyokua. Mwoshaji aliyemtangulia Mama Vikombe alimpigia mtoto mmoja makofi ya pongezi, na hakumaliza wiki kazini.

Binti alimtazama daktari, akatazama gilasi, akamtazama daktari tena. "Hii ndefu ina mengi," alisema, kama anayeomba radhi.

Mama Vikombe alikuwa amelea saba: watatu wa kuzaa, wanne wa marehemu dada yake. Sauti ile aliijua. Kabla hajajizuia, maneno yakamponyoka. "Mjukuu wangu, mbona umebadilisha?"

"Si ameniuliza tena! Mwalimu akikuuliza tena, ujue umekosea."

Daktari akazima kamera iliyokuwa ikirekodi majibu.

Kibarua kimeota nyasi, Mama Vikombe alijiambia, akaenda zake jikoni. Wale wanne bado walikuwa shuleni, na hapakuwa na wa kumlaumu ila mdomo wake mwenyewe. Daktari alimkuta akikunja aproni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nimekuharibia kazi, mwanangu. Nisamehe."

"Umeniharibia kweli. Watoto mia na kumi na mbili, na wote nimewauliza mara mbili." Alicheka, kicheko cha mtu aliyeona ufa wa nyumba kabla hajahamia. "Sijui ni wangapi walijua jibu, wakaliacha kwa kuniheshimu tu. Nashukuru, mama. Nashukuru sana. Ningeyachapisha matokeo hivihivi."

Mama Vikombe hakujua aweke wapi macho. Miaka tisa alikuwa akiosha vyombo vya watu, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa kusema. Machozi yalimlengalenga, akasingizia sabuni.

"Lakini usiwasemeshe tena kutoka pembeni," daktari aliendelea. "Ukitaka kuuliza, kaa mezani."

"Mimi? Mimi niliyeishia darasa la nne?"

"Mimi wananiogopa, wanadhani nitawadunga. Tujaribu na huyu anayefuata. Usiulize kitu mpaka umalize kumimina. Halafu uliza mara moja tu."

Aliyefuata alikuwa kibinti mwenye pengo, aliyeingia akiburuta kiatu kisichofungwa. Mama Vikombe alimfunga kwanza, ndipo akakaa. Kiti kilikuwa cha mto, na alikikalia pembeni kama mgeni. Akamimina polepole, na hata tone halikumwagika.

"Haya, bibi yangu. Ni sawasawa, au kuna penye mengi zaidi?"

Kibinti akainama, akaweka kidevu mezani, akazitazama gilasi kwa muda mrefu. Mama Vikombe akauma ulimi, akasubiri.